Kruzi za kutoka Galveston: pointi za Royal, Carnival, Norwegian na MSC zinalipa kweli? Mwongozo kamili

Kila Januari ikiingia simu yangu haipoi. Shemeji anauliza, jirani anauliza, mzee mmoja wa jumuiya yetu hapa Houston naye anauliza, na swali ni lile lile, hivi tuchukue meli ipi na hizi pointi zao zina faida gani? Wanauliza Januari kwa sababu kuanzia hapo mpaka Machi makampuni ya kruzi, yani zile safari za starehe za meli, yanamwaga ofa kila siku, mtu wa pili nusu bei, watoto bure, vinywaji bure, mpaka mtu anachanganyikiwa. Nimechoka kurekodi voisi za dakika saba, so naandika yote hapa mara moja.

Mifano mingi itatoka bandari ya Galveston, hapa Texas, kwa sababu ndo ninayoijua, ni kama saa moja kwa gari kutoka kwangu na siku hizi pamechangamka kweli. Carnival wako pale miaka mingi na meli yao Jubilee imekuja Desemba 2023, Royal Caribbean walifungua jengo lao wenyewe la abiria Novemba 2022, Norwegian wanakuja, na MSC nao wameingia Novemba 2025 na MSC Seascape. Mahali penye ushindani hivyo abiria anafaidi, ila awe anajua kuhesabu.

Na msimamo wangu nauweka mapema ili usije ukasema sikukwambia: usiiache kadi ya uanachama ikuchagulie meli. Pointi zinaanza kuwa na maana ukishalala melini usiku kama 80, chini ya hapo unapewa kadi ya rangi na pengine chupa ya maji. Kuna njia mbili tatu za kufupisha hiyo safari, nitazisema, lakini kwanza tuanze panapouma.

HATUA YA 1: Makaratasi kabla ya hela

Watu wanaanza na bei, mi naanza na pasipoti. Nimeshaona familia nzima imerudishwa pale mlangoni, watoto wameshavaa kofia za ufukweni, baba anabishana na mtu wa kaunta na foleni inamwangalia.

Raia wa Marekani anayeondoka na kurudi kwenye bandari ile ile anaruhusiwa kupanda na cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha serikali chenye picha. Bado namshauri achukue pasipoti, kwa sababu meli ikikuacha Cozumel, kisiwa cha Meksiko, na inaacha watu kweli, bila pasipoti ndege ya kurudi unaipandaje? Mwenye grinikadi abebe kadi yenyewe, iwe haijaisha muda, pamoja na pasipoti ya kwao iwe ya Tanzania, Kenya au Kongo. Wameksiko hawamdai viza mwenye grinikadi wala mwenye viza hai ya Marekani.

Sasa wageni wetu wanaokuja kutembea. Fungua pasipoti ya mama, tafuta kwenye stika ya viza pale palipoandikwa Entries. Ukikuta herufi M maana yake anaingia mara nyingi, hakuna shida. Ukikuta namba 1 basi kwisha habari, meli ikishatoka kwenda Meksiko na yeye ameshatoka Marekani, ile moja yake ameshaitumia, usitegemee atarudi. Sisi tulishamlipia mama mkwe dipoziti ndo mke wangu akaja kuiona ile 1. Dipoziti yenyewe ilikuwa ya zile zisizorudi, ikaenda na maji, na mama akasema afadhali, yeye baharini wapi na wapi, babu yake alikuwa mvuvi na hakuna aliyempigia makofi.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi mliokuja kama wakimbizi na bado hamna grinikadi, mnahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, inaombwa kwa fomu I-131 na inachukua miezi, kwa hiyo usibuku kwanza halafu ndo uombe. Na yule ambaye kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa, tafadhali sana, usipande meli inayotoka nje bila kile kibali cha kutoka na kurudi, nacho kinaombwa kwa fomu hiyo hiyo. Ukitoka bila hicho wanahesabu umeliacha ombi lako. Mpigie mwanasheria wako kabla ya kumpigia wakala wa kruzi.

Jambo la mwisho hapa ni jina. Liandike kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote matatu kama yapo matatu, mpangilio ule ule. Hili nitalirudia mwishoni maana lilinigharimu.

HATUA YA 2: Tafuta bei ya kweli

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja, tena chumba cha ndani kisicho na dirisha. Ukisafiri peke yako mara nyingi unalipia na ile nafasi ya mtu wa pili ambaye hayupo. So chukua karatasi, au noti ya simu, andika hivi. Tuseme nyie ni wawili, usiku 7, bei ya tangazo dola 650 kila mtu, hizo ni 1,300. Ongeza kodi na ushuru wa bandari, tuseme 150 kila mtu, 300. Ongeza bakshishi ya wafanyakazi, ambayo kampuni kubwa nyingi za Marekani zinakata kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, tuweke 18.50, kwa watu wawili siku saba inakuwa 259. Paking ya gari bandarini, tuweke 140. Intaneti ya simu moja, tuweke 140. Jumla 2,139. Gawa kwa usiku 14, maana wawili mara saba, unapata kama dola 153 kwa mtu kwa usiku. Hiyo namba ya mwisho ndo ya kulinganishia meli na meli. Nimeshaona ofa ya "vinywaji bure" ambayo ukiifanyia hesabu hii inakuja juu kuliko ile isiyo na bure yoyote, sababu ile bure inatozwa ada ya huduma ya asilimia 18 mpaka 20 juu ya bei wanayoitaja wao wenyewe.

Kifurushi cha pombe kina mtego mwingine. Kwa Royal na kwa Carnival, mtu mzima mmoja akinunua kifurushi kikubwa, wazima wengine wa chumba kile nao wanatakiwa kununua. Sasa nyumba zetu unazijua, baba anapiga bia, mama hajawahi kuionja. Mkiwa hivyo msinunue, lipieni glasi moja moja, au piga simu uwaambie mwenzio hanywi, kuna wakati wanakubali achukue kifurushi cha soda na juisi badala yake. Na hata Cheers, kifurushi cha pombe cha Carnival, kina kikomo cha vinywaji 15 vya pombe kwa siku, japo anayefika huko ana matatizo mengine.

Watoto nao wanakatwa bakshishi, usisahau. "Watoto bure" ni nauli tu, kodi na bakshishi ziko pale pale.

HATUA YA 3: Soma ngazi za uanachama bila kudanganywa na majina yake

Kila kampuni ina majina ya madini na vito, Gold, Platinum, Diamond, ukidhani umefika kumbe Gold ya Royal ni mtu aliyepanda mara moja tu. Cha kuuliza ni kitu kimoja: wanahesabu nini? Usiku, idadi ya safari, au hela?

Royal Caribbean, klabu yao inaitwa Crown & Anchor Society, wanahesabu usiku. Usiku mmoja pointi moja, ukilala swiiti, yani chumba kikubwa cha kifahari, ni mbili, na ukisafiri peke yako ukalipia chumba kizima wanakuongezea moja kila usiku. Platinum ni pointi 30, Emerald 55, Diamond 80, Diamond Plus 175, na kileleni kabisa Pinnacle 700. Chini ya Diamond mi sioni cha kusimulia, vocha ndogo ndogo na punguzo la huku na huku. Diamond ndo kuna kitu, vinywaji vinne vya bure kila siku vinaingizwa kwenye kadi yako, na unaweza kuvitumia baa mchana au usiku. Asiyekunywa pombe asivunjike moyo, vinakubali hata kahawa za kulipia, soda na juisi, ila thamani yake inashuka. Kokteli ni kama dola 14, vinne ni 56 kwa siku, wakati kahawa mbili na soda mbili hazifiki hata nusu ya hapo. Mimi nakunywa kahawa, so nikisikia mtu anaimba Diamond Diamond namuuliza kwanza, wewe unakunywa nini?

Tufanye hesabu ya kuifikia. Usiku 80 kwa ile dola 153 yetu ni dola 12,240 kwa mtu mmoja. Safari za wiki moja moja hizo ni kumi na mbili, ukipanda moja kwa mwaka unaipata mtoto wako wa darasa la kwanza ameshamaliza sekondari. Kuna jamaa yangu alipanda mara tatu ndani ya miezi minne afikishe 80 kabla ya safari ya familia, akafikisha, akapiga picha ya kadi, na tukimuuliza zile safari tatu zilikuwaje anasema hata hakumbuki vizuri alishuka wapi. Hizo hela angempeleka mama yake Makka na chenji ikabaki.

Kuna kitu kizuri Royal wanacho ambacho watu wetu wengi hawakijui. Mume na mke wanaokaa anwani moja, aliye chini anachukua hadhi ya aliye juu, na watoto walio chini ya miaka 18 wanafuata wazazi. Haiji yenyewe ila, lazima upige simu au uwaandikie waunganishe akaunti zenu. Kama mume alikuwa anapanda kabla ya kuoa, hizo pointi za ubachela leo zina faida kwa nyumba nzima.

Carnival walikuwa na VIFP Club, siku moja pointi moja, Gold kwenye 25, Platinum 75, Diamond 200. Ngazi ya Red walikuwa wanakupa chupa ya maji, nasema kweli sitanii, chupa ya lita moja. Gold walikuwa wanakupa kinywaji kimoja kwenye safari za siku 5 na kwenda juu. Platinum ndo ilikuwa inaanza kunoga, ulikuwa unapanda mapema bila foleni na unafuliwa nguo kiasi bure. Sasa, mwaka 2025 walitangaza kwamba VIFP inaondoka na inakuja Carnival Rewards, ambayo inahesabu hela unazotumia badala ya siku ulizolala, na hadhi inakuwa na muda wake, usipotumia inashuka. Kwa familia ya kawaida inayobuku chumba cha ndani na kula bufee, mabadiliko haya sio rafiki, yanampendelea anayetumia sana kasino na baa. Ndo maana kama ulikuwa unakusanya pointi za Carnival kidogo kidogo, usiongeze safari hata moja kwa ajili ya hadhi peke yake.

Norwegian wao Latitudes, na ukiangalia utacheka, namba zao zimefanana na za Royal, 30, 55, 80, 175, huko juu 700. Nao wanahesabu usiku, na swiiti inaongeza. Pale kwenye 80, yani Platinum, mnapewa chakula cha jioni cha watu wawili kwenye restoranti ya kulipia, na begi la nguo la kufuliwa bure. Kwa asiyekunywa pombe, Platinum ya Norwegian ina faida kuliko Diamond ya Royal, hapo sina wasiwasi.

MSC ndo nataka tukae kidogo, sababu wana Voyagers Club na wana kile kitu kinaitwa status match. Maana yake, kama una hadhi kwenye kampuni nyingine ya kruzi au kwenye hoteli, unajaza fomu kwenye tovuti yao, unaweka skrinishoti ya akaunti yako, na wao wanakupa ngazi inayolingana bila kupanda meli yao hata mara moja. Wewe ambaye kazi inakulaza hotelini, madereva wa malori, manesi wa mikataba, watu wa IT, mna hadhi za hoteli zimelala kwenye imeili hamzitumii! Kuna na kadi za benki zinazokupa hadhi ya hoteli kwa kuwa nayo tu. Ukipata Gold ya MSC unapewa saa moja kwenye eneo la mvuke na sauna, Diamond chakula cha bure kwenye restoranti ya kulipia. Masharti ya kulinganisha wanayabadilisha mara kwa mara, soma fomu ya siku unayojaza, na ujaze kabla ya kubuku ili hadhi iingie kwenye bukingi. Ila ukikaa miaka 3 hujapanda, uanachama unakufa.

Cha kumalizia hatua hii ni udugu wa makampuni. Royal, Celebrity na Silversea ni nyumba moja na siku hizi hadhi yako inatambulika kote kutatu. Norwegian, Oceania na Regent nao hivyo hivyo. Carnival, Princess na Holland America nao mwenye mali ni mmoja, lakini hadhi haihami, ukitoka Carnival kwenda Princess unaanza darasa la kwanza.

HATUA YA 4: Ubuku wapi

Njia ni tatu, na kila moja ina siku yake.

Ukibuku moja kwa moja kwenye kampuni, bukingi ni yako, unabadilisha mwenyewe saa sita usiku kwenye simu, hakuna wa kumsubiri. Ukibuku kwa wakala, bukingi iko mikononi mwake, ukipiga simu kampuni wanakwambia ongea na wakala wako. Hiyo inauma kama wakala hapokei simu, lakini wakala mzuri anakukatia sehemu ya kamisheni yake kama salio la kutumia melini, na anafuatilia bei ikishuka. Costco Travel wanafanya kama wakala na wanakurudishia kadi ya kununulia Costco, kwa nyumba yenye watoto wanne hiyo ni mchele na mafuta ya mwezi. Vacations To Go, hao wako hapa hapa Houston, wana ukurasa wa safari za ndani ya siku 90 zinazokuja, pale ambapo kampuni imebakiwa na vyumba na watu wameshapitisha tarehe ya malipo ya mwisho. Sisi tunaoendesha gari mpaka bandarini tuna bahati, hatuna tiketi ya ndege ya kuhangaikia, so hizo za dakika za mwisho ni zetu.

Njia ya tatu ni kubuku safari ijayo ukiwa bado melini, kuna dawati lao. Wanakupa salio zuri au dipoziti ndogo, na kama una wakala unaweza kumhamishia baadae. Mi nafanya hivyo ila kwa sharti moja, dipoziti iwe ya kurudi. Kwa Royal ile isiyorudi ukibadilisha meli au tarehe wanakata dola 100 kwa kila mtu, na siku ya mwisho melini, umeshiba, muziki unapiga, usijiamini.

Halafu kuna "chumba cha bahati", unalipia aina ya chumba na wao wanachagua namba. Bei yake ni nafuu zaidi, ila ukiwa na watoto wadogo au mzee anayeumwa magoti usichukue, wanaweza kukutupa mwisho kabisa wa korido na korido za meli hizi ni ndefu kama barabara ya mtaa. Kuna na mnada wa kupandishwa chumba, Royal wanauita RoyalUp, unatoa ofa yako na wakikubali wanakata kadi bila kukuuliza tena. Kumbuka bei unayoandika ni ya mtu mmoja, wanazidisha kwa wawili. Na ukishinda swiiti kwa njia hiyo pointi zinahesabiwa kwa chumba ulichobuku mwanzo, kwa hiyo usiote kuzidisha pointi kwa mnada.

Njia moja haisemwi sana: hisa. Ukiwa na hisa 100 za kampuni mama ya Carnival, au za Royal, au za Norwegian, kila safari unaomba salio, kwa Carnival ni dola 50 safari za siku 6 kushuka chini, 100 za siku 7 hadi 13, na 250 za siku 14 kwenda juu. Za Royal bei yake ni ya kukatisha tamaa, za Carnival na Norwegian mtu wa kawaida anaweza kujikusanya. Hisa zinapanda na kushuka ila, usinunue kwa ajili ya dola mia tu.

HATUA YA 5: Ukishabuku usilale

Kila wiki angalia bei ya safari yako. Ikishuka kabla ya tarehe ya malipo ya mwisho, ambayo kwa safari za wiki nzima mara nyingi ni kama siku 90 kabla, piga simu au mwambie wakala, wanakupa bei mpya. Ikishapita tarehe hiyo usitegemee sana. Mke wangu ameweka kengele ya simu Jumapili jioni, na mwaka mmoja ilitupatia punguzo la kutosha kulipia ziara ya Cozumel.

Intaneti na vifurushi nunua kabla ya kupanda kwenye akaunti yako, melini ni ghali. Kucheki-in kwa Royal kunafunguliwa siku 45 kabla, ingia siku hiyo hiyo uchague saa ya mapema, ukichelewa unabaki na saa nane mchana. Chakula cha halali omba mapema kwa maandishi, halafu usiku wa kwanza muone mkuu wa wahudumu wa mezani umkumbushe, usidhani ujumbe umefika. Ikishindikana kabisa, samaki na mboga vipo kila siku.

Na namba ya uanachama, hakikisha iko ndani ya bukingi. Wakala akisahau kuiweka, hadhi yako siku ya kupanda haionekani.

HATUA YA 6: Melini

Ukipanda tu weka simu kwenye mode ya ndege. Mi nilimpigia mdogo wangu Tanga kwa dakika chache nikidhani niko kwenye wifi, kumbe simu imeshika mtandao wa satelaiti wa meli, bili iliyokuja nilimficha mke wangu wiki mbili.

Mazingira yanatofautiana kuliko pointi. Carnival ni sherehe, kelele, baga nzuri, watu wanaongea na wewe kwenye lifti. Royal kwenye zile meli kubwa ni kama mji, kuna mashoo ya barafu, slaidi za maji, watoto hamwaoni mpaka usiku, ila foleni zipo. Norwegian hawakupangii meza wala saa ya kula, anayechukia ratiba atapenda. MSC wana uzungu wa Ulaya, matangazo yanasomwa kwa lugha nyingi, piza yao ya bufee ni tamu kweli, na huduma baadhi ya watu wanaiona kavu kidogo, mimi sikuiona hivyo.

Na angalia beji za wafanyakazi, zina jina na nchi. Siku moja nasubiri kahawa naona beji imeandikwa Kenya, nikasema tu, "Mambo, ndugu?" Kijana aliganda na kikombe mkononi, halafu akacheka mpaka wenzake wakageuka. Wa Likoni, miezi sita hajasikia Kiswahili cha abiria. Kahawa yangu kuanzia siku hiyo ilikuwa inakuja kabla sijaomba, ngazi hiyo haipo kwenye Crown & Anchor. Ukikutana nao msalimie, na ukiweza muachie kitu mkononi siku ya mwisho, pamoja na ile bakshishi ya kukatwa.

Ziara za ufukweni, za meli ni ghali ila ziara ikichelewa meli inawasubiri. Za mtaani ni nusu bei na hakuna anayekusubiri. Saa yako iwe ya meli, sio ya nchi.

KAMA HAUPO MAREKANI

Nitapita haraka. Mlioko Tanzania na Kenya, meli zinafika Mombasa na Zanzibar zikiwa njiani, Norwegian Dawn imewahi kutia nanga Mombasa, lakini sio pa kupandia kwa safari za kawaida. Ya karibu ni MSC kutoka Durban, msimu wa Novemba mpaka Aprili hivi, wanaenda visiwa na fukwe za Msumbiji kama Pomene, na Afrika Kusini Mtanzania na Mkenya hawadaiwi viza kwa matembezi mafupi. Mlioko Oman na Ghuba, MSC wamekuwa wakiweka meli Dubai msimu wa baridi, hakikisha viza ya Emirates ni ya kuingia zaidi ya mara moja maana meli inatoka na kurudi. Na kuna AROYA ya Saudia, imeanza Jeddah Desemba 2024, haiuzi pombe kabisa, familia nyingi za Kiislamu zitajisikia nyumbani. Mlioko Ulaya na viza ya Schengen, meli ikigusa Uturuki au Tunisia unakuwa umetoka, so angalia idadi ya kuingia kama ile ya mama mkwe.

HATUA YA 7: Ukirudi nyumbani

Subiri wiki mbili, ingia kwenye akaunti, hesabu usiku. Mimi kwenye kampuni moja, siitaji, nilikuta usiku 14 haupo. Kumbe safari ya kwanza niliandikwa jina la baba mbele na langu nyuma, ya pili likageuzwa, so kompyuta yao ikatengeneza watu wawili, mmoja ana safari moja na mwenzie ana safari moja, na wote hawajafika popote. Kuwaunganisha kulichukua simu tatu, nakala ya pasipoti, na picha ya kadi ya chumba ya ile safari ya zamani ambayo niliipata chini ya droo ya binti yangu, ameshaibandikia stika za paka. Kadi za chumba usizitupe mpaka pointi zisome.